Magenga ya Mzee Omondi

Siku yangu ya kwanza ya mafunzo ya nje niliunguza kiatu nikiwa nimesimama mahali pasipo na moto. Nawaanzia hapo ninyi vijana wa idara yetu ya moto, mlionisumbua niandike kitu kabla sijaanza kusahau, kwa sababu nawaona bado mnaamini moto ni kile kitu chekundu kinachoonekana.

Tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipelekwa kwenye kinamasi cha Nyando, mahali ambapo mafunjo yalikuwa yameungua siku chache kabla. Mafunjo ndiyo yale majani marefu ya ziwani yenye vichwa vya nywele zisizochanwa. Wajaluo huyaita togo, na akina mama huyasukia mikeka. Majivu yalikuwa baridi, ndege wamesharudi, nami nikasimama kusikiliza somo. Mara nikasikia harufu ya mpira. Nilipoinua mguu, soli ilibaki chini. Kumbe chini ya yale majivu mizizi mikavu, iliyorundikana tangu enzi za mababu, ilikuwa ingali ikiungua kimyakimya bila moshi wa maana. Nilipiga ukelele, nadhani hata Ahero waliusikia. Mhadhiri wetu akaja polepole, akautazama mguu wangu, akasema, "Umeumia?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi wewe umefundishwa. Hawa wengine wameambiwa tu."

Huyo ndiye Mzee Omondi, ingawa wakati huo hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiye na nyusi. Nyusi zilimwondokea kazini, naye hakuzililia.

Nyumbani habari haikupokelewa vizuri. Mama yangu aliuza mitumba sokoni Kibuye. Tulikuja Kisumu kutoka Murang'a nikiwa bado nabebwa mgongoni, na kwa hiyo mimi ni Mkikuyu kwa damu na nyar Kibuye, binti wa Kibuye, kwa kila kitu kingine. Nilipomwambia mama kwamba ninasomea moto wa nyika, ikolojia yake, sera zake na usimamizi wake, aliweka chini rinda alilokuwa akilikunja.

"Wanjiru, nimeuza suruali za watu miaka hii yote, wewe unaenda yunivasiti kusomea kuchoma nyasi?"

"Si kuchoma, mama. Ni kuelewa."

"Kuelewa nini? Moto ni moto. Huyo mwalimu anawafundisha nini, kuwasha kibiriti?"

Kwa kweli, alitufundisha pia kuwasha kibiriti. Usiwashe ukiukabili upepo, alisema, maana hapo moto unakugeukia na huna pa kukimbilia ila mbele yake. Alitufundisha masomo yote matatu kwa sababu walimu wengine walikuwa wamepata kazi zenye viyoyozi. Ikolojia aliifundishia kinamasini, akitupigisha magoti tutazame chipukizi za mafunjo zinavyotoka kwenye majivu, kijani kibichi, kama vile hakukutokea lolote. Usimamizi aliufundishia penye kazi, akiwa na reki, panga, na ule ufito wenye kipande cha tairi mwishoni ambao tuliuita kofi. Kofi halipigwi chini kwa hasira. Unalilaza juu ya moto na kulikandamiza, la sivyo unazisambaza cheche na kujiongezea kazi. Sera aliifundishia darasani, mlango umefungwa, kwa dakika chache. "Hii someni wenyewe," alituambia. "Upepo haujaisoma."

Upepo ndio aliousomesha kuliko vyote. Pwani yetu ya ziwa ina tabia moja ambayo nawaomba muishike hata mkisahau kila kitu kingine. Asubuhi hewa hutoka nchi kavu ikaenda ziwani. Karibu na saa sita inatulia, majani yanasimama, unadhani umepata amani. Kisha ziwa linarudisha pumzi yake, na jioni nzima upepo unavuma kuja kwetu. Anayechoma chochote awe amemaliza, amezima na ameoga kabla ya ule utulivu. Mzee Omondi aliuchukia utulivu ule. Ukifika, alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi na kutazama juu, nasi tukanyamaza naye.

Nilipoajiriwa idarani nilipewa Muhoroni, kwenye miwa, na huko nilishtuka kwa namna nyingine. Muwa ulioungua lazima ukatwe haraka kabla utamu haujapotea, kwa hiyo unaruka foleni ya kiwanda. Hebu fikirini wenyewe. Mimi nilifika nikiwa na vipimo vyangu vya unyevu na maswali yangu ya kitaalamu kuhusu vyanzo vya moto, nikamkuta bwana mmoja anaomboleza shamba lake lililoungua asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa analia machozi ya kweli. Panga lake lilikuwa limenolewa likang'aa, vibarua wamekaa kando wanakunywa chai, na trekta imeegeshwa barabarani, trela imeelekezwa shambani tayari. Mimi nilimpa pole kwa moyo wote. Mzee Omondi, aliyekuwa amenisindikiza, alimshika mkono akasema, "Pole sana, mzee mwenzangu. Na trekta nayo imekuja matanga?"

Yule bwana akacheka huku machozi yanatiririka. Nilikaa mwezi mzima nikishangaa jinsi mtu anavyoweza kulichoma shamba lake na bado akalililia.

Sera iliponipata hatimaye, ilinipata hotelini Kisumu, kwenye vikao vya chai na mandazi. Kamati moja iliamua kwamba mafunjo yasichomwe kabisa, na yeyote, wakati wowote. Mzee Omondi alisimama akasema mafunjo yasiyochomwa hayaishi milele. Yanakufa yakiwa yamesimama, yanarundikana, na siku moja yataungua yote kwa mpigo. Aliomba yaruhusiwe kuchomwa vipande vidogo vidogo, asubuhi, chini ya usimamizi. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake wa thamani. Mkisikia mchango wenu unaitwa wa thamani, jueni umetupwa. Miaka ikapita, na kweli hakuna aliyechoma. Nyuma ya boma la Mzee Omondi mwenyewe palikuwa na ulimi mrefu wa kinamasi, na kila nilipomtembelea baada ya yeye kustaafu, alinitoa nje kuutazama. Chini ulikuwa na maji kidogo, juu mafunjo makavu matupu, rangi ya simba. Alinionyesha tu, tukarudi ndani kunywa chai.

Alikufa kiangazi, mimi nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Hakufa kwa moto. Aliugua kifua, akalala, hakuamka. Nilipopigiwa simu nilikaa chini sakafuni ofisini kwangu, nikashindwa kuinuka mpaka katibu wetu akanishika mkono.

Sasa niwaeleze magenga, maana baadhi yenu mmetoka mbali. Mwanamume mwenye boma lake akifa kwa Wajaluo, moto mkubwa wa magogo huwashwa uani. Unakaa pale siku zote za matanga, mchana na usiku, waombolezaji wakiuzunguka, nao hauzimwi. Ni heshima ya mtu. Asiye na boma hawashiwi. Kwa hiyo siku ya mazishi tulipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni gogo zima la mti limelala uani kwa Mzee Omondi, linawaka, na cheche zinaenda taratibu kuelekea ziwani. Ilikuwa asubuhi.

Idara yote tulikuja. Kila mtu katika nchi hii, nathubutu kusema, aliyewahi kusomea moto wa nyika kwa mwalimu yule alikuwa chini ya yale mahema, amevaa suti nyeusi. Makofi, reki, makopo ya mafuta ya kudondoshea moto, matangi ya maji ya kubeba mgongoni, vyote tuliviacha Kisumu vimefungwa stoo. Nani huenda mazishini na reki? Hata leo nikifikiria hilo natikisa kichwa peke yangu jikoni.

Mjane, Mama Akinyi, alinikumbatia muda mrefu. Kisha akaniambia sikioni, "Madam, tafadhali usiende kusalimia Dani. Hajaambiwa."

Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa mama mzazi wa Mzee Omondi, ajuza wa miaka mingi sana. Macho yalimwishia zamani, akabaki anaona mwanga tu. Masikio yakafuata. Miguu nayo haikumbeba tena. Familia iliogopa kwamba habari ya kifo cha mwanawe ingemmaliza siku hiyo hiyo, na yangekuwa majeneza mawili. Basi walimhamisha kwa mjukuu wake, ng'ambo ya pili ya ule ulimi wa kinamasi, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Pale palikuwa na nyumba tatu nne za namna hiyo, na siku hiyo wote wenye nguvu walikuwa kwetu wakipika ama wakipanga viti. Dani alibaki kitandani, na jirani mmoja mzee kama yeye.

Ratiba ilisema mazishi yangekwisha kabla ya saa sita. Lakini wanasiasa walikuwa wamekuja, na mwanasiasa akishika kipaza sauti mazishini huwezi kumnyang'anya hata kwa trekta. Wa kwanza alizungumzia barabara. Wa pili alimjibu wa kwanza. Nilitazama gogo, nikatazama juu, nikaona majani ya mti yamesimama tuli. Niliinama nikapita katikati ya viti hadi kwa Mzee Ochieng', ndugu mdogo wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa boma siku hiyo.

"Mzee Ochieng', upepo unageuka sasa hivi. Tungeupunguza huu moto kidogo tu. Tuurushie mchanga."

"Madam, hiyo ni magenga ya mtu mkubwa. Haizimwi."

"Sisemi kuzima. Nasema kupunguza."

"Kupunguza ni kuzima polepole. Ukizima hiyo, unasema nini? Ati ndugu yangu alikuwa paka?" Sauti yake ilikatika, nikaona macho yake mekundu ya kukosa usingizi. "Wewe ni nyar Kibuye, na tunakupenda. Rudi ukae. Soda inakuja."

Nilirudi nikakaa. Wenzangu walinitazama, nikatikisa kichwa. Tulikaa pale, wataalamu wa moto wa taifa zima, tukiutazama moto.

Kwanza turubai la hema letu lilivimba. Kisha kofia ya padri ikaruka. Mwanasiasa wa tatu akashika karatasi zake asiache kusema. Nyuma yetu nikasikia mlio ambao sikuwa na haja ya kugeuka kuujua, mlio wa mafunjo makavu yakipasuka, kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa. Cheche zilikuwa zimevuka ua na kuangukia mkia wa ule ulimi wa kinamasi, na upepo wa ziwa ulikuwa umeushika moto na kuupeleka mbele, kwenda ng'ambo.

"Dani!" mjukuu akapiga yowe kutoka jikoni. "Dani yuko huko!"

Sijawahi kuona umati ukiduwaa namna ile. Watu mamia walisimama, hakuna aliyepiga hatua. Hata mimi. Mimi niliyeshika moto maisha yangu yote. Kukimbia kwenda kumbeba hakukutosha. Kulikuwa na jirani mzee, kulikuwa na zile nyumba, na paa za nyasi hungoja cheche moja tu. Kilichobaki ni kile alichotufundisha mwenyewe aliyelala ndani ya jeneza: zunguka kwa gari upande wa pili, washa moto wako mwenyewe kwenye ukingo wa kinamasi mbele ya nyumba, uache utambae kinyume cha upepo ukautangulie ule mkubwa na kumaliza chakula chake kabla haujafika. Ila ukingo ule ni mrefu. Lazima uwashwe wote kwa haraka, na watu wengi kwa wakati mmoja, na katika upepo ule njiti ya kibiriti ni mzaha. Makopo yetu ya kudondoshea moto yalikuwa stoo.

"Tunataka vijinga!" nilipiga kelele. "Vijinga vinavyowaka, vingi!"

Macho yote yakaenda kwenye magenga.

Mama Akinyi aliinuka kwenye kiti chake kando ya jeneza. Alivua viatu. Alitembea hadi kwenye magenga ya mume wake, akachagua ukuni mkubwa, akaushika upande usiowaka, akauvuta. Cheche zilimrukia kwenye nguo nyeusi. Mwanasiasa akashusha kipaza sauti.

"Mama Akinyi!" Mzee Ochieng' alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Unafanya nini na moto ya ndugu yangu?"

"Ulisema haizimwi. Nimezima?" Hakupaza sauti. "Ninaipeleka kwa mama yake. Utabaki hapo ama unakuja?"

Nilimtazama mzee yule, nikaona uso wake unavyogeuka. Alishusha mikono. Akaenda mwenyewe kwenye gogo akachomoa ukuni wa pili, na baada yake wenzangu wote wakaja, maprofesa na suti zao, kila mmoja na kijinga chake. Tulipanda pikapu iliyoleta viti, vijinga vimening'inia nje ya ubavu, tukazunguka kwa njia ya tuta. Dereva aliendesha huku akisali kwa sauti.

Tulipofika upande wa pili moshi ulikuwa umeshaifunika njia ya ng'ombe inayopita kati ya kinamasi na nyumba. Njia ile ndiyo ilikuwa yetu. Nilipanga watu kwa kuwashika mabega, mmoja hapa, mmoja pale, wawili wakabaki juu ya paa na matawi mabichi. "Burura, usirushe! Tembea, usikimbie!" Kila mtu alikiburura kijinga chake kwenye nyasi kavu za ukingo, na nyuma yetu ukuta wa moto mdogo ukainuka, ukayumba, ukatugeukia mara moja hata nywele zangu zikasinyaa, kisha ukaanza kutambaa kwenda ziwani. Mama Akinyi alikwenda mbele ya wote, peku, akiburura ukuni ule kama anayechora mstari. Moto mkubwa ulikuja juu kuliko mitende. Niliusikia kwenye mbavu. Nilifikiri, hautoshi, tumechelewa, nimewaleta hapa wafe. Halafu ile mioto miwili ikakutana, ikanyanyuka kwa pamoja hadi juu kabisa, na ikakosa cha kula. Ilizimika pale pale. Mbele yetu palibaki weusi na moshi, na paa zote zilikuwa zimesimama.

Mtu alianza kucheka, mwingine akaketi chini akatapika. Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule mjukuu, maana sikuwa nimetulia mpaka nimwone.

Jirani mzee alikuwa amejikunja mlangoni na shuka mdomoni, mzima. Ndani, Dani alikuwa ameketi kitandani, wima, ameegemea ukuta. Nilimgusa mkono apate kujua kuna mtu. Alinivuta kwa nguvu nisizozitegemea, akanikalisha kando yake, akapeleka mkono wangu puani, akaunusa. Akaanza kusema, kwa Kijaluo, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Alisema siku zote hizi ananusa magenga kutoka bomani kwake. Moto wa jikoni haunuki hivyo, ule ni wa gogo, na gogo halichomwi bure. Mwanamume wa boma lake amekufa. Alijua tangu siku ya kwanza. Wakaja wakamnywesha uji, wakamuosha miguu, wakamshikashika mikono kama watu wenye furaha, na yeye akawaacha. Alikuwa anangoja mtu wa kuketi chini amweleze. Hakuna aliyeketi.

Nyumba ile yote ilikuwa imechunga siri, na mama wa watu alikuwa amekaa na msiba wake gizani, peke yake, akingoja kuelezwa.

Kisha akaniuliza, mkono wake ukiwa bado umeushika wangu: "En Omondi koso Ochieng'?" Ni Omondi ama ni Ochieng'? Wanawe walikuwa wawili tu, na hakuwa amejua ni yupi.

Nilifungua kinywa nijibu, nikakumbuka hasikii. Nikatazama mlangoni. Mzee Ochieng' alikuwa amesimama pale, mweusi kwa masizi, ukuni umemzimikia mkononi, na alikuwa amesikia kila neno. Aliuweka ukuni chini. Alikuja akapiga magoti mbele ya kitanda, akauchukua mkono wa mama yake, akauweka juu ya uso wake. Dani alimpapasa paji, pua, mashavu yaliyolowa, ndevu, akarudia tena taratibu kana kwamba anataka kuwa amekosea.

Halafu akaliita jina la yule mwingine.